Hansadi ya Siku ya Mvua

Mimi ni vidole tu.
Miaka kumi na tisa ukumbini humu, Santo Domingo,
nachapa kila linalotoka kinywani mwa waheshimiwa,
na yakiisha maneno, natia mabano:
(Makofi.) (Kicheko.) (Kelele, upande wa kushoto.)
Aliyenyamaza hana mabano yake.

Jumanne hoja ilikuwa idadi.
Mheshimiwa Peñaló alitaka elfu kumi kwa wiki,
akapiga meza, bilauri ikaruka.
Mheshimiwa Montás akainuka taratibu, akarekebisha miwani:
elfu kumi ni wengi mno,
nchi ina sheria, mabasi yana viti,
tuanze na saba.
Huo ndio uliokuwa upande wa huruma.

Nikachapa: watakamatwa. Watapakiwa. Watarejeshwa.
Sarufi huwatunza wakubwa.
Unachomeka *w* moja tumboni mwa kitenzi,
mtenda anatoweka,
anabaki mtendwa peke yake
kama kiatu kimoja katikati ya barabara.

Hapo tone likaniangukia kidoleni.

Nikatazama juu.
Upande wa mashariki dari lilikuwa wazi,
turubai la buluu limekandamizwa kwa matofali,
maana Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi,
lori la Uhamiaji lilisimama kwenye lango letu wenyewe
na mafundi wa paa wakashushwa,
Dieuseul na Fanor na yule kijana mwenye kigugumizi,
wali na dagaa wa kopo ukiachwa kwenye ngazi,
saruji ikiwakaukia mikononi.
Mlinzi aliusogeza ule wali kwa mguu, asikanyage.

Dieuseul alikuwa akiniuliza saa kupitia dirishani.
Simu alikuwa nayo. Nadhani alipenda kuulizia.
Siku moja aliomba aone jina lake likichapwa.
Nikalichapa. Akacheka, akasema refu kuliko alivyodhani.
Kikao kilikuwa karibu kuanza.
Nikalifuta.

Tone la pili. La tatu. Likaacha kuhesabika.
Mheshimiwa Peñaló, katikati ya neno *uvamizi*,
akasogeza kiti chake sentimita kadhaa.
Mtu akaleta ndoo.
Tang, tang, ndoo ikachangia hoja
bila kuomba nafasi kwa Spika.
(Kicheko.)

Mkandarasi akaitwa, akaja na viatu vya tope.
Msijali, waheshimiwa, mafundi watakuwepo Jumatatu.
Wapi utawapata? akauliza mmoja.
Walewale, akasema, wakirudi huwa nusu bei.
Ukumbi ukatulia.
Hata ndoo, naapa, ilikosa tone moja.
Kisha Spika akakohoa:
hayo ya paa yasiingie kwenye kumbukumbu rasmi.

Bibi yangu, mwenye ngozi kama yangu,
sokoni hakulitaja jani fulani la mboga.
Alilionyesha kwa kidole, akalipa, akaondoka.
Mimi nilidhani ni adabu.
Nilikuwa mtu mzima niliposimuliwa
kwamba zamani, mpakani, watu waliombwa walitamke,
na ulimi uliokwama kwenye *r*
haukupewa nafasi ya kujaribu tena.
Alifundisha vidole vyake kusema.
Navyo akanirithisha.

Kura zilipigwa saa kumi na nusu.
Saba ilishindwa. Kumi ilipita.
(Makofi.)
Nikachapa *Makofi*, nikaweka nukta,
nikakusanya karatasi, nikaenda kituo cha basi,
na mvua ilikuwa imekatika zamani.

Ya paa sikuyaandika. Nina watoto wawili na deni la friji.
Lakini ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
ulilowa ukakauka vibaya,
umevimba pembeni, karibu na neno *watarejeshwa*.
Mtakapouomba maktabani watawaletea nakala safi.
Kataeni. Ombeni ule wenyewe.
Halafu msisome.
Pitisheni kidole.