Bisibisi Menoni

Julai, Mexicali. Saa nne asubuhi usukani haushikiki;
nimeuvika taulo la jikoni, lile la maua,
na kila nikiwasha gari, chini ya boneti
kuna kitu kinakereza: krrr, krrr, krrr,
kama mtu anayesaga meno usingizini.

Fundi Baudelio alisikiliza akiwa barazani kwake,
hata boneti hakufungua. "Kompresa," akasema.
"Peso elfu tisa. Gesi mbali."
Elfu tisa! Mimi nashona mapazia.
Elfu tisa ni madirisha ya mtaa mzima.

Basi Jumapili nimesimama mbele ya injini
kama mtu aliyeingia msiba asioujua:
nimpe pole nani kwanza?
Mkanda mmoja mweusi unazunguka puli sita
na sijui hata moja kwa jina.

Baba anatoka na kiti chake cha plastiki.
Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine za kuchambua pamba
ilimla masikio yote mawili,
la kushoto kwanza.
Siku hizi anasoma midomo, tena akipenda.
"Funga nywele," anasema. "Mkanda haujui uzi wala nywele."

Ananipa bisibisi ndefu.
Ncha iguse chuma kisichozunguka, mpini sikioni.
Nagusa hapa: mvumo.
Nagusa pale: mvumo.
Kila mahali panalia, kila mahali mtuhumiwa,
na mimi nakaribia kulia nao.

Ananipokonya. Anaung'ata mpini
kwa meno yaliyosalia, anafumba macho,
anaishusha ncha taratibu tumboni mwa kompresa,
na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama,
namwona baba akisikiliza.

"Zima kiyoyozi."
Nazima. Tak! Klachi inaachia.
Krrr.
"Washa."
Tak! Inashika.
Krrr ile ile, haikupanda, haikushuka.
"Mwizi gani huyu," anasema, bisibisi ingali mdomoni,
"mwenye nyumba akilala anaiba, akiamka anaiba?"
Maneno yanatoka yamepondeka
lakini nimeyaokota yote:
kompresa imelala, na kelele iko macho.

Tunazima injini. Tunangoja ipoe
tukila tikiti lililopakwa pilipili na chumvi,
mbegu tunazitemea changaraweni.
Kuutoa mkanda kumenichubua vidole vitatu;
matusi sikuyahesabu, naye hakuyasikia.
Kisha nazungusha puli moja moja kwa mkono.
Ya kompresa: laini, inateleza.
Ya altaneta: haina neno.
Halafu ile ndogo ya pembeni, isiyoendesha chochote,
kazi yake kuuonyesha mkanda njia tu.
Mchanga.
Mchanga mtupu ndani ya beringi!
Ninaujua mguso huu. Ndio wa gurudumu la cherehani yangu
mwaka ule wa vumbi, ilipokataa kushona
gauni la harusi la binti wa Hortensia.

Peso mia tatu na arobaini. Bolti moja.
Kuurudisha mkanda, saa nzima na ushei,
kwa sababu niliupitisha kinyume, nikautoa,
nikaupitisha kinyume tena.

Gari linawaka.
Natega masikio mpaka yanauma.
Baba ananitazama midomo, anangoja neno,
na neno silipati; nafungua mlango,
namketisha mbele ya tundu la kiyoyozi.
Nywele zake za mvi zinainuka, zinalala, zinainuka.
Anacheka kama mtoto aliyemwagiwa maji.

Kisha anatoka, anauliza bisibisi iko wapi.
Anaiuma. Anafumba macho. Anakaa kimya sana.
"Bado kuna kitu," anasema.
"Upande wa kulia. Kidogo tu."

Mimi sisikii chochote.