Pingili ya Nne

Umeme ukirudi, kompyuta ya chumba cha chini
inaanza upya, inaniuliza mimi ni nani.
Naandika: Aikande. Neno la siri. Kisha shingo.
Shingo ya thelathini na nane, haina jina,
ina umri tu, na herufi K ya mwanamke.

Baba alikata miwa kule chini kwenye joto,
kusini ya mji, ambako mlima unaonekana mdogo.
Alinifunza kuhesabu kwa muwa:
"Fundo mwachie panga, pingili ndiyo ya meno."
Sikujua neno lile lile
lingenisubiri hospitalini miaka ishirini.
Pingili saba, toka fuvu hadi mabega.
Saba kwa twiga, saba kwa panya,
saba kwa askofu na kwa mwizi wa kahawa.

Nabofya ukingo wa kushoto. Nabofya wa kulia.
Mstari wa njano unanyooka, unatamka:
milimita nne na nukta moja.
Ndilo daraja lenyewe la mfupa.
Upande huu uti, wa kijivu, umelala
kama mtoto mliyehangaika kumbembeleza.
Upande ule kitundu cha mshipa uendao ubongoni,
kama mfongo uliopita nyuma ya jiko la bibi,
ambao hata mlevi wa ukoo
hakuthubutu kuutia jembe.
Hapo kati, gizani, daktari atapitisha parafujo.

Parafujo za kabatini zimekuja na kijitabu.
Kijitabu kina mchoro wa shingo. Shingo nene, nzuri.
Sijui ya nani.
Si ya mama Ndeonasia wa Kibosho,
aliyebeba mikungu kichwani tangu ana miaka tisa
mpaka asubuhi ya utelezi
alipotangulia mtaroni na mkungu ukamfuata.
Yuko wodi ya pili, kola ngumu kidevuni,
anasoma nyufa za dari.
Alipoletewa karatasi ya upasuaji alitia dole gumba.
"Nimekubali shingo upande," akasema,
"ingawa mmenikataza kuigeuza."
Nesi alicheka mpaka akatoka nje.

Eliskia hupima upya nilichokwisha kupima.
Hatuonyeshani. Ndiyo kanuni.
Ijumaa tulitofautiana nukta sita
kwa mfupa mmoja, tukanuniana hadi chai,
kisha tukaona kila mtu alichagua kipande chake cha picha,
yeye cha juu kidogo, mimi cha chini kidogo,
na wote tulisema kweli.
Jedwali halina safu ya jambo hilo.

Injinia Gwakisa kaja toka Arusha na mkoba,
ndani vibamba vya titani, vyepesi kama ganda la yai.
"Nipe wastani," akasema. Nikampa.
Nikamwambia pia: wastani halazwi wodini.
Hajawahi kuanguka na ndizi, wastani.
Akanyamaza, akakuna kisogo chake mwenyewe,
akageuza ukurasa.
"Basi nipe mwembamba kuliko wote.
Tuanzie kwake."
Nikamsomea: tatu na nukta mbili.
Alivua miwani.

Jioni nilimpelekea mama Ndeonasia pingili yake ya nne,
ya plastiki, iliyochapwa kwa vipimo vyetu,
ili daktari amwonyeshe njia ya chuma.
Aliikalisha kiganjani, hakuinua kichwa,
aliinua mkono mpaka usawa wa macho.
"Hii?"
Hii, mama.
"Hii ndiyo iliyosomesha watoto watano?"
Aliizungusha, akapitisha ukucha kwenye kitundu,
akapuliza, kama apulizavyo punje ya mbegu.
"Kumbe nilikuwa nafinyanga mlima
juu ya kifungo cha koti."

Daktari alipokuja asubuhi, haikuonekana.
Tulitafuta chini ya kitanda, kwenye droo, kwenye shuka.
Yeye alitazama dari, ametulia, mikono chini ya mto.
Nami nilirudi chumba cha chini,
nikaandika kwenye daftari la utafiti:
kielelezo kimoja, pingili ya nne, kimepotea.
Nikachapa kingine.