Daftari la Ubatizo, Bukumbi

Nimepewa kulinakili kabla mchwa hawajalimaliza.
Wino umepauka, karatasi inanuka popo.

Padri aliandika Caecilia.
Katekista akaandika Sesilia.
Majirani, ulimi ukikataa, wakaita Chechelia.
Na fundi wa kaburi, aliyelipwa kwa herufi,
akachonga SESI, akadai chake.

Kamusi ya Kilatini iliyobaki kabatini
inasema jina hilo lilianza kama utani wa ukoo:
kipofu.
Bibi yangu! Aliyechambua mchele kwa koroboi
akaiona chuya iliyotushinda sisi mchana.

Nikafungua tena, sasa kwa uchokozi.
Klaudi, kiwete.
Paulo, mdogo. Je, Paulo Nkwabi wa Kigongo,
aliyebeba gunia la pamba
kama anambebea jirani mtoto?
Sisero ni dengu,
dengu hii hii ya Misungwi, ya udongo mweusi;
wanasema babu wa ukoo alikuwa na chunjua puani.
Kwinto wa tano, Oktavi wa nane:
wazazi walichoka kufikiri, wakahesabu.

Nilicheka peke yangu ofisini
mpaka nikakumbuka mimi ni Shija,
niliyekuja baada ya Kulwa na Doto.
Jina langu ni nafasi kwenye foleni.

Renatus, aliyezaliwa tena:
Roma huenda imemsahau,
lakini nenda Mwaloni alfajiri,
wako wanne, wote wanapigania debe moja la dagaa,
na mkiani bado wana ile -us,
haijakatika safari nzima.

Mabinti wa Roma walipewa ukoo wa baba
ukivalishwa -a kama kitenge.
Dada wawili nyumba moja, Klaudia na Klaudia,
mkubwa, mdogo, basi.
Hapo sikucheka.
Mama yangu alizikwa Ng'wanalubinza,
mtoto wa Lubinza, miaka sabini na mbili;
sikuwahi kusikia akiitwa vingine.

Ukurasa wa arobaini na moja, nimemkuta.
Domitila binti Lubinza.
Kamusi: aliyefugwa.
Yeye, aliyeswaga ng'ombe tisa wa mahari
kwa miguu, kutoka Usagara hadi Koromije,
akawarudisha kwa mwenyewe
na kuomba maji ya kunywa!

Chini yake, kwa penseli, mkono wa mtu mwingine:
Kabula.
Kumbe siku hiyo mvua ilinyesha.

Daftari jipya lina kisanduku kimoja tu cha jina.
Nimeandika Domitila. Nimepuliza wino.
Kisha nimetafuta penseli.