Safu ya Tatu

Kwenye dirisha la tiketi, mlimani Kitante,
kijana aliuliza bila kuinua macho:
"Raia au mgeni?" Maana bei ni mbili.
Haboba, mama wa mama yangu, akaweka kitambulisho kaunta
taratibu, kama mchezaji na karata yake ya mwisho.
"Nimezaliwa Bombo," akasema, "kabla hamjapanga bei."
Kijana akacheka. Akatukatia za raia,
akasogeza daftari, na kalamu iliyofungwa uzi.

Safu ya kwanza, jina: Zamzam Khemis Farajalla.
Safu ya pili, tarehe. Niliandika mimi,
miwani yake imebaki nyumbani juu ya friji.
Safu ya tatu: Unatoka wapi?
"Andika Bombo."
Nikaandika Bombo.
Akaukodolea wino mpaka ukakauka.
"Hilo halitawatosha. Watauliza, na kabla ya Bombo?"

Ndani, baridi ya saruji, harufu ya polishi.
Watoto wa shule, soksi zimewashuka, mstari umewashinda,
wanabishana kama mtumbwi ule ulikuwa na injini.
Haboba alizipita ngoma bila kusimama.
Akapita majembe, magome yaliyopondwa yakawa nguo,
vibuyu vya maziwa vyenye shingo za maharusi,
vyote vimelala chini ya kioo, kila kimoja na kikaratasi:
kabila, wilaya, matumizi.
"Vizuri," alisema kila kabati. "Vizuri. Vya watu."
Hapo nikajua anatafuta nini.

Tabaga. Kawa ya kufunikia chakula,
nyekundu inaifukuza kijani ikizunguka hadi kileleni,
kama ile aliyoisuka mama yake kwa ukindu na subira,
iliyofunika sinia kwenye harusi saba,
na mwaka ule wa kukimbia, njiani kwenda Yei,
mvua ilipotukuta hatuna paa wala nchi
(hivi ndivyo anavyosema, "hatuna," nami sikuwa nimezaliwa),
ikafunika kichwa cha mama yangu, mtoto wa miaka minne.

Chumba cha pili hakuna.
Cha tatu, mafuvu na mawe tu.
Nyuma, uani, zimejengwa nyumba za nyasi,
akazihesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu.
"Ya Wanubi ni ipi?"
Mlinzi, Driciru, jina lake kifuani,
alitazama nyumba, akatazama viatu vyake.
"Bado, Mama."
"Bado," Haboba akalionja neno kama mchuzi usio na chumvi.
"Miguu yangu imevimba kwa ajili ya bado."

Tukaketi kwenye majani, nje ya uzio.
Akafungua mfuko wa nailoni niliodhani ni wa kanga
akatoa sahani, na juu ya sahani, hiyo hapo,
ukingo umeliwa na panya, rangi imechoka lakini haijatoka.
Alikuwa ameibeba tangu alfajiri
bila kuniambia.

Mtoto mmoja akajitenga na kundi lake,
daftari mkononi, penseli imetafunwa.
Walitakiwa kuorodhesha vitu kumi. Alikuwa na tisa.
Akanyoosha mkono.
"Usiguse!" Haboba akafoka kwa sauti ya mlinzi,
kisha akacheka mpaka kifua kikamkaba.
"Gusa, gusa. Haina kioo."
"Ni ya zamani?"
"Ni ya leo. Nimeifuta vumbi asubuhi."
"Inaitwaje?"
Akamtajia, polepole, mara mbili,
na mtoto akaandika, ulimi nje, namba kumi,
herufi moja imekosewa, sikumsahihisha.

Alipokwisha kukimbilia wenzake
Haboba akaniuliza: "Ameandika nini?"
"Tabaga."
"Na inatoka wapi, hakuuliza?"
"Hakuuliza."
Akatikisa kichwa, akaifunua sahani.
Gurusa zilikuwa bado na joto katikati.
"Basi kula," akasema, "kabla ya nzi."