Kiti cha Sita

Februari, Kutaisi, ghorofa ya kwanza juu ya tanuri la mikate.
Joto la chini linatupandia bila kudaiwa,
na Nestan husema hiyo ndiyo bure pekee anayoiamini.
Fedha za mradi zimebaki za miezi mitatu.
"Ubao wa kazi, mahali pa kuzungumzia, ghala la msimbo:
tafuteni visivyotozwa. Ijumaa tunachagua."

Ijumaa kila mtu kaja na chake, kama mwenye kupeleka posa.
Otia kaleta chenye chati za rangi,
mishale inayojichora yenyewe,
nyota zinazorukaruka kila kazi ikiisha.
Zviad hataki nyota. Zviad anataka kitu kitakachofunguka
kwenye kompyuta yake iliyong'oka kitufe kimoja,
yenye feni inayokohoa.
Lali kachora jedwali la safu kumi na nne.
Ya mwisho kaiita "Sura", akajaza:
nzuri, nzuri, kama fomu ya kodi.

Tukainama kusoma maandishi madogo.
Bure, siku thelathini.
Bure, ila mazungumzo hufutika kila baada ya miezi mitatu
("Basi mwezi wa nne tutagombana bila ushahidi," akasema Zviad).
Bure kwa watumiaji watano.

Tulikuwa sita.

Wa sita mimi, Tsiuri, mjaribu programu,
nije Jumanne na Alhamisi, nibonyeze kila kitu vibaya makusudi
nione mita zetu za maji zitadanganya wapi.
Chati za rangi zilishinda kwa kura. Nami nilinyoosha mkono,
maana nani apendaye kuwa mzigo wa lari ishirini kwa mwezi?
Nikapewa nywila ya Otia.

Wiki tatu nikafanya kazi ndani ya jina la mtu.
Kosa nililolinasa saa tano usiku,
mita ya kliniki ya macho inayozidisha maji mara kumi,
likapanda ubaoni limevaa uso wa Otia,
ndevu zake, tabasamu lake la likizo ya pwani.
Nyota zikampongeza yeye.
Maskini, alijaribu kunirudishia kwa mdomo, mbele ya wote:
"Hii ya Tsiuri, na hii, na hii,"
kama mtu anayegawa nguo zilizotoka kufuliwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe nilipewa. Shamba liliandikwa jina jingine.

Sikusema neno. Lililosema ni jedwali la Lali:
safu ya kumi na tano, "Tunaenea sote?"
Ya kumi na sita, "Tukihama, tunaondoka na vyetu?"
Akashinda siku nzima akijaribu kuhama.
Chati za rangi zilimpa picha. Picha safi za kazi zetu,
zisizoshikika.

Tukarudi kwenye kitu cha Zviad, programu huria,
kijivu kama maji yaliyooshea sufuria.
Haihesabu watu.
Ila inataka mashine yake, na mashine tuliyonayo
imekaa chini ya rafu ya viatu.
Jumamosi mbili Zviad amelala kifudifudi akiilisha masasisho,
akitukana polepole, kwa mpangilio, kama anayesali.
Jumamosi hizo zina safu gani? Lali hakuiweka.
Na Jumatano umeme ulipokatika, ubao nao ukazimika,
tukaandika kazi kwenye mifuko ya mikate,
unga ukatubaki vidoleni.

Sidai tumechagua vizuri.
Nestan bado huchungulia ule ubao wa nyota, namwona.
Lakini leo asubuhi nimefungua, ukurasa ukasitasita, ukaja:
kadi namba mia mbili na kumi na mbili.
"Mita ya nyumba karibu na daraja inasoma sifuri. Maji yanatoka."
Haijatatuliwa.
Aliyeliona: Tsiuri.
Hakuna uso. Mraba wa kijivu tu,
na ndani yake herufi moja, yangu.