Kinyozi Kinamasini

Kinyozi hajinyoi, nilimwambia Maimu.
Akakaza skrubu ya mwisho, kamera ikasimama
juu ya miguu yake mitatu, akanijibu:
"Basi leo tunyoane."

Ilikuwa Oktoba, kinamasi cha Soomaa,
sakitu bado nyeupe kwenye njia ya mbao,
na pembeni zulia la mimea, laini kama sifongo,
linalokubeba hatua moja
na kukukana ya pili.

Sheria alitunga yeye, garini, mkate mdomoni:
Hakuna kumpiga mwenzako.
Kila mtu ajipige mwenyewe.
Mwenzake ni mikono tu: ashike kioo, arushe shuka,
ahesabu kwa sauti mpaka kumi.

Nilianza mimi.
Nilibeba kioo cha mviringo kutoka bafuni kwangu,
bado kina tone la dawa ya meno,
nikakiinua mbele ya uso.
Maimu akakiinamisha kidogo, kidogo tena, "hapo, usipumue,"
na pale uso ulipokuwa ukaingia msonobari mfupi uliopinda,
mzee kuniliko, usiozidi kiuno changu kwa urefu.
Saba. Nane.
Tangu Juhan aondoke sikuona sababu
ya kusimama katikati ya kitu chochote.
Tisa.
Koti jekundu, vidole viwili vyenye baridi,
na mti mahali pa kichwa. Nikajitambua mara moja.

Kisha shuka. Lilirushwa mara kumi na nne
ili mara moja lionekane linaruka lenyewe.

"Zamu yako," nikasema.

Sasa, Maimu ana chumba mjini Viljandi,
kiti kisichozunguka, pazia jeupe,
na kwa miaka thelathini na mmoja, sentensi tatu:
Kidevu juu. Nywele nyuma ya masikio. Usitabasamu.
Nusu ya mji imevuka mipaka
kwa nyuso alizoziamuru yeye.
Yeye mwenyewe, katika albamu zote za ukoo wao,
ni kivuli cha kichwa kwenye nyasi,
chini kabisa, karibu na miguu ya watoto.

Akabonyeza. Taa ikaanza kukonyeza. Akakimbia, akageuka,
akasimama.
Kidevu juu. Nywele nyuma ya masikio.
Mara ya pili, vilevile.
Mara ya tano nikamuuliza:
"Unaomba viza ya kuingia wapi?"
Hakucheka. Alitazama mikono yake
kama vitu alivyoazimwa bila kuambiwa vinatumikaje.
"Sijui huwa wanafanya nini," akasema,
"wale wanaosimama huku."

Ya sita, alikimbia kwa hasira.
Ubao ulikuwa na utelezi. Mguu ukatoka njiani,
kinamasi kikaumeza mpaka pajani, bila haraka,
nami nikatupa kioo, nikanyoosha mkono,
na nyuma yetu, kwa adabu zake zote,
kamera ikafanya kazi iliyotumwa.

Kiatu hatukukipata.
Tulichimba kwa fimbo, tukachimba kwa mikono,
maji meusi kama kahawa yakatuonyesha mbingu tu.
Aliendesha gari mpaka mjini na soksi moja ya sufu,
akibishana nami njia nzima:
picha imevunja sheria, mkono wako umeingia kushoto.
Mikono inaruhusiwa, nikasema. Ulisema mwenyewe.
Lakini sikuhesabu.
Nilihesabu mimi. Ulianguka kwenye tisa.

Ofisini kwake kuna bango la serikali
lenye mifano ya picha zisizokubalika:
macho yaliyofumbwa, kofia, kivuli, mdomo wazi.
Jumatatu nilipopita kumpelekea jozi ya zamani ya Juhan,
inayomzidi namba mbili,
nikaiona, kwa pini moja, mwisho wa safu:
Maimu, nywele usoni, mdomo wazi hadi magego,
anacheka au anapiga yowe, hata sasa hatujaafikiana.

Kijana aliyekuwa kitini akauliza, huyo ni nani.
"Mfano," akasema Maimu.
"Kidevu juu."