Silabi ya Mwisho

Mwaka wa kwanza waliniuliza, "Unaona?"
Mhadhiri wa kemia, wino wa bluu ubaoni,
nami kiti cha mbele, shingo nje kama kobe,
macho yangu yakicheza mchezo niliozaliwa nao,
kushoto kulia, kushoto kulia.
Nikasema naona.
Alichotamka niliandika,
asichotamka nilikikosa kwenye mtihani.
Mmoja alinishauri, kwa upole, nihamie sanaa.
Upole ule niliubeba kwa miguu hadi Nyegezi.

Kwetu Magu, kila jioni, mama alituhesabu.
Wenzangu aliwahesabu kwa jina.
Mimi alinishika.
Mlango ukakazwa kwa gogo,
baba akatandika mkeka hapo hapo kizingitini.
Anayeikumbuka miaka ile haulizi kwa nini.

Halafu karatasi ukutani: Dakta Bulemela
anataka wanafunzi wawili, likizo ndefu,
kuokota konokono Luchelele.
Posho elfu saba kwa siku, na buti.
Buti zilikuwa namba arobaini na tatu.
Nilizijaza magazeti.

Saa kumi na mbili asubuhi, kofia pana, mikono mirefu,
mafuta meupe juu ya ngozi nyeupe,
koleo kwenye matete, maji ya ziwa yakiingia butini.
Konokono mdogo kama kifungo cha shati.
"We binti, unatafuta nini humo?"
"Kinachovimbisha matumbo ya watoto."
Mama mmoja akamtoa mwanawe majini.
Kisha akamrudisha ashike upande wa shuka,
maana nguo zilikuwa nyingi.

Maabarani kila konokono na kikombe chake cha kioo,
trei nne dirishani, tunasubiri mwanga.
Kichocho hutoka akiitwa na jua.
Mimi jua likiniita, hujificha.

Na hadubini! Hakuna aliyeniambia
kwamba pale kila mtu ni kipofu mpaka aazime kioo.
Ndaki, mwenye macho ya mwewe,
aliinama kama mimi, akakunja uso kama mimi.
Nikawaona: mikia ya panda,
wakijipinda, wakijirusha, hawatulii,
katika maji ambayo kwa Mwanza nzima yalikuwa maji tu.
Walicheza kama macho yangu.
Nikahesabu. Mia mbili na kumi na wawili,
tisa wameambukizwa.
Mimi niliyehesabiwa kila jioni, nahesabu.

Wiki ya tano trei ya tatu iligoma.
Saa nne, bila bila. Saa sita, bila.
Saa nane ndipo wakamiminika.
Dakta akasimama na daftari langu.
"Nani aliihamisha?"
"Mimi. Dirisha lilikuwa linaniunguza,
nikakaa pembeni, kwenye kivuli, nikaivuta nayo."
Nikangoja anifukuze.
Feni ilizunguka. Ndaki akajifanya anaosha vikombe.
Dakta akavuta kigoda, akaketi, tukalingana urefu.
"Nyanzala," akasema, "wewe unaonaje?"

Unaonaje.
Silabi moja tu imeongezwa mwishoni,
na sikuwa na jibu, sikuwahi kuhitaji kuwa nalo.
Nikasema labda. Nikasema matete yana kivuli.
Nikasema, pengine wa kwenye matete huchelewa,
na akina mama hufua saa ngapi?
"Sijui," akasema Dakta.
Alilisema kama mtu anayenikabidhi funguo.

Tulirudi Luchelele siku kumi na nne zaidi.
Mengine hayakukubali. Siku mbili mvua iliharibu kila kitu,
na siku moja nililia kwenye choo cha maabara
kwa sababu ya midomo iliyopasuka, si kwa sayansi.
Kemia niliirudia. Nilipata C.

Bango la matokeo limebandikwa koridoni.
Majina matatu, langu la mwisho:
Nyazala, wameandika.
Nimesogeza pua hadi karatasini, ndivyo nisomavyo,
nikatoa peni,
nikaipachika n mahali pake.